Kemia na Uhandisi wa Kemikali Si Kitu Kimoja, na Ndiyo Sababu ya Kuvisoma Pamoja

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10, neno linalotawala vikao vya wazazi hapa Mombasa ni STEM, yaani mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Utalisikia barazani Majengo, utalisikia ndani ya matatu ya Changamwe, utalisikia hata kwenye foleni ya feri ya Likoni: mtoto kaingia STEM, basi mambo yake yamenyooka. Mzazi mmoja atakwambia mwanawe anasoma kemia ili awe injinia wa kiwandani. Mwingine atakwambia wake anaachana na kemia kwa sababu anataka uinjinia, hataki ualimu. Kauli hizi zinaonekana kupingana, lakini zimepikwa chungu kimoja. Zote zinachukulia kwamba sayansi na uhandisi ni jengo moja lenye ghorofa mbili, na kazi ya mzazi ni kumchagulia mtoto ghorofa ya juu. Naona mkanganyiko huu utatugharimu kuliko hata upungufu wa maabara. Kemia na uhandisi wa kemikali ni elimu mbili zenye maswali tofauti. Kwa sababu ya tofauti hiyo hiyo, kijana mwenye uwezo angefunguliwa njia ya kuzisoma zote mbili chuo kikuu, akatoka na shahada mbili alizozisomea kwa wakati mmoja.

Tuanze na kilichobadilika, maana wengi wameambiwa jina la mkondo bila kuambiwa kilichomo. Mwanafunzi wa sekondari pevu ana masomo manne ya lazima na matatu ya kuchagua. Hisabati nayo imegawanywa mara mbili, nzito na nyepesi. Anayetaka uhandisi wa kemikali hana ujanja: lazima awe na ile nzito, na katika yale matatu ya kuchagua lazima iwemo kemia na iwemo fizikia. Binti aliyechagua kemia, bayolojia na kilimo anajiona yuko STEM, na kweli yuko, lakini mlango wa uhandisi umefungwa kimya kimya akiwa na miaka kumi na mitano, na huenda asijue mpaka siku ya kujaza fomu za chuo. Kuna na jambo la pili ambalo halizungumzwi kabisa. Mfumo wa 2-6-3-3-3 unakusudia miaka mitatu ya chuo kikuu, ilhali tulizoea minne kwa shahada ya sayansi na mitano kwa ya uhandisi. Kundi hili litabisha hodi vyuoni mwaka 2029. Vyuo havina budi kupanga upya shahada zao kabla ya hapo, na yatakayoachwa nje ya mpango huo hayatarudi ndani kwa urahisi. Kwa hiyo swali la namna ya kusoma uhandisi pamoja na sayansi ni la leo, wakati karatasi bado hazijapigwa mhuri.

Tofauti yenyewe haihitaji profesa. Muulize mpishi yeyote wa harusi Mji wa Kale. Nyumbani, kilo moja ya mchele ina kipimo chake cha maji, na wengi hukipima kwa kidole. Mpe mpishi huyo mchele wa watu mia sita uone kama atazidisha maji kwa hesabu ya moja kwa moja. Hathubutu. Anajua sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo, mchele wa chini huelemewa na wa juu, na moto wa chini peke yake utaunguza ukoko kabla ya juu kuiva. Ndiyo maana makaa hupanda juu ya kifuniko. Kemia ya pilau haikubadilika hata chembe: wanga ni ule ule, maji ni yale yale, bizari ni ile ile. Kilichobadilika ni safari ya joto. Ukiikuza sufuria mara kumi kwa upana na kwa kimo, ujazo wake huongezeka mara elfu moja, lakini eneo la kupitishia joto huongezeka mara mia moja tu, hivyo kila lita imebakiwa na sehemu ya kumi ya ukuta iliyokuwa nao. Mwanakemia huuliza: hiki na hiki vikikutana hutokea nini, na kwa nini? Mhandisi wa kemikali huuliza: nikitaka tani mia tano kwa siku, joto litatoka wapi na litaenda wapi, pampu itabeba nini, ni kipi kitakacholipuka, na bili ya umeme nani ataikabili?

Elimu hii ya pili ni changa. George Davis aliifundisha kwa mihadhara kule Manchester mwaka 1887, na mwaka uliofuata chuo cha MIT cha Marekani, wakati huo kikiwa Boston, kikaianzishia kozi. Lakini mfano wa kilichomo ndani yake unashuka Kilindini kila msimu, ndani ya magunia ya mbolea. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha maabarani kwamba naitrojeni ya hewani inaweza kuungana na haidrojeni ikawa amonia, malighafi ya mbolea hiyo, tone kwa tone, chini ya shinikizo kubwa na joto kali. Kwa mwanakemia, kazi ilikuwa imekwisha. Kampuni ya BASF ikamkabidhi Carl Bosch aigeuze iwe kiwanda. Mabomba ya chuma aliyotengeneza yalipasuka baada ya siku chache tu za kazi. Angekuwa mwanakemia mtupu, pengine angeagiza chuma kinene zaidi. Bosch alichukua vipande vilivyopasuka akavitazama kwa hadubini, akaona haidrojeni yenye joto inapenya ndani ya chuma na kuiiba kaboni inayokipa ugumu, mpaka kikawa dhaifu kama biskuti. Dawa yake ilikuwa kuweka bomba la chuma laini ndani, lisilo na kaboni ya kuibiwa, na bomba gumu nje lenye matundu madogo ya kutolea haidrojeni inayopenya. Kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka 1913. Wanaosimulia kisa hiki mara nyingi husahau jambo moja: Bosch alikuwa amesomea kwanza madini ya chuma na uhandisi wa mitambo Charlottenburg, kisha akaenda Leipzig kusoma kemia mpaka udaktari. Alilitambua tatizo kwa macho ya elimu moja na kulitatua kwa mikono ya nyingine. Angelazimika kupitia barua kati ya idara mbili, sijui mabomba mangapi zaidi yangepasuka.

Sisi wa Pwani tuna mfano wetu wa zamani kuliko huo. Wazee waliochoma mawe ya matumbawe kwenye matanuri ya kuni ili wapate chokaa ya kujengea walikuwa wanafanya mmenyuko ule ule unaofanyika leo ndani ya tanuri la saruji pale Bamburi, ambako saruji imekuwa ikitengenezwa tangu 1954. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikiungua hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ya kaboni. Hakuna fundi, hata awe hodari vipi, anayeweza kuipunguza ile 44 kwa kukaza parafujo. Imo ndani ya jiwe. Sehemu kubwa ya hewa chafu ya viwanda vya saruji duniani hutoka humo, kuliko ndani ya mafuta yanayochomwa. Mhandisi asiyeielewa sayansi hiyo kwa kina atatumia maisha yake yote kubana mafuta, na atafanikiwa, na bado tatizo litakuwa mbele yake. Mwanakemia asiyejua tanuri naye atabuni saruji isiyo na jiwe la chokaa, nzuri sana ikiwa kwenye kikombe cha maabara, isiyoweza kutengenezwa kwa bei ambayo fundi wa Kisauni ataimudu.

Na kuna mtaa wetu wa Owino Uhuru. Siwezi kuandika juu ya kemikali na Mombasa nikaruka Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kiliwekwa jirani kabisa na nyumba za watu. Watoto wakaugua, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido aliyekuwa amefanya kazi hapo hapo, na mapambano yake yakampa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa wakazi mwaka 2020 ilitenguliwa kwenye rufaa, kisha ikarudishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Kesi ile imesomwa kama habari ya sheria na rushwa, na ni sawa, lakini isomwe pia kama habari ya elimu. Kwamba risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, sayansi imejua siku nyingi. Kwamba vumbi na moshi wa tanuri vinaweza kunaswa kwa vichujio kabla ya kutoka nje, uhandisi nao umejua siku nyingi. Hesabu ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali ni ya mizania: kilichoingia mtamboni lazima kitoke, au kiwe kimebaki ndani. Tuseme kilo 100 za risasi zimeingia na 97 zimetoka zikiwa vipande vya kuuza. Zile tatu ziko mahali. Mhandisi peke yake ataziita hasara ndogo ya uzalishaji. Mwanasayansi peke yake atazikuta baadaye, ndani ya damu. Mtu mwenye elimu zote mbili kichwani atauliza siku ya kwanza, kabla ya tanuri kuwashwa: tatu zile zitaingia mapafuni mwa nani?

Sasa, wanaopinga wana hoja, na moja yao ni nzito. Nayo ni pesa. Shahada mbili ni muda zaidi, na kwa familia inayotegemea HELB, mkopo wa serikali wa elimu ya juu, mwaka wa ziada una gharama mara mbili: ada inayolipwa na mshahara usiopokelewa. Kifungua mimba wa Mshomoroni mwenye wadogo wanne nyuma yake hana anasa ya kukaa chuoni ili akili yake ikomae. Sina jibu la kuifuta hoja hii, wala sidai kwamba kila mwanafunzi wa uhandisi abebeshwe shahada ya pili. Kwa kijana wa namna hiyo ushauri wangu ni achukue uhandisi, iwe Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret ambako uhandisi wa kemikali unafundishwa, au hata Dar es Salaam, kisha kila nafasi ya somo la hiari aijaze sayansi moja anayoifuata mpaka mwisho. Hilo halimuongezei mwaka hata mmoja.

Hoja ya pili ni ya usajili. Sheria ya Wahandisi ya 2011 haimruhusu mtu kujiita mhandisi bila kusajiliwa, na bodi ya wahandisi huangalia shahada ya uhandisi imefundisha nini. Wazazi wanakumbuka wahitimu wa uhandisi wa Egerton waliokataliwa na bodi, wakazunguka mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ilipowapa haki mwaka 2018. Aliyeona hayo akiogopa shahada yenye jina geni, simlaumu. Ila hofu hiyo inatufundisha namna ya kuipanga shahada pacha, haitufundishi kuikataa. Shahada ya uhandisi isiguswe: ibaki nzima, na masomo yote ambayo bodi inayataka, na cheti chake chenyewe. Ya sayansi ikae kando yake na cheti chake. Makosa yatakuja pale chuo kitakapojaribu kuzichanganya mbili zikawa uji mmoja wenye jina la kuvutia, mfano wa zile kozi ambazo hata mwalimu mkuu wa idara hawezi kukueleza mhitimu wake ataajiriwa kama nani.

Hoja inayorudiwa sana, na dhaifu kuliko zote, ni methali: mshika mawili moja humponyoka. Inapendwa kwa sababu inamaliza mjadala bila mtu kufungua kitabu. Ukikifungua, utakuta mwaka wa kwanza wa uhandisi wa kemikali na mwaka wa kwanza wa kemia au fizikia ni mwaka ule ule kwa sehemu kubwa: hisabati ile ile, kemia ile ile, nishati na joto vile vile. Ndiyo maana Australia, ambako Monash na Chuo Kikuu cha Sydney wana mpango huu wa miaka mingi, shahada ya uhandisi ya miaka minne na ya sayansi ya miaka mitatu hazifanyi saba. Zinasomwa kwa mitano. Kwetu sisi, anayetaka zote mbili leo husoma moja, akaimaliza, akaanza nyingine karibu na mwanzo, na kufundishwa tena mambo aliyokwisha kufaulu. Methali ile inasema juu ya vitu viwili vinavyokimbilia pande mbili. Hivi vinatoka mlango mmoja na kwenda njia moja zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuachana.

Binamu ya hoja hiyo ni ile ya Changamwe: kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza 1963 kiliacha kusafisha mwaka 2013, sasa kilichobaki ni matangi, basi ya nini kumsomesha mtoto mitambo ilhali mitambo imekufa? Nililelewa nikiuona mwali wa moto wa kiwanda kile usiku, kwa hiyo najua uchungu ulio ndani ya swali. Lakini kilichokiua hakikuwa wingi wa wasomi. Kilikuwa mtambo wa kizamani, uliobakiza mafuta mazito mengi mno yenye bei ndogo kwenye kila pipa, na gharama ya kuuboresha haikuonekana kulipa. Na kama kuna funzo kwa kijana, linaelekea kule kule ninakosema: elimu ya mtambo imefungwa kwenye mtambo, na mtambo una umri. Sayansi iliyo chini yake huhama na mwenyewe. Anayejua kupima ubora wa mafuta kwa undani ana kazi kwenye matangi. Aliyejua kuendesha mnara wa kutenganishia mafuta tu, mnara ukizimwa, amezimwa nao.

Tazama pia tulichofanya na mchanga wa Kwale. Kwa takriban miaka kumi, mpaka uchimbaji ulipokoma mwisho wa 2024, madini ya titani yalitenganishwa na mchanga kwa mvuto, sumaku na umeme, yakapakiwa melini Likoni yakaenda zake. Kazi ya kuyageuza yawe unga mweupe unaoingia kwenye rangi za nyumba, ambayo ndiyo kemia yenyewe na uhandisi wake, ilifanywa ng'ambo. Sisemi wahitimu ishirini wa shahada pacha wangejenga kiwanda hicho. Mtaji, umeme na soko vina maneno yao. Nasema mkataba kama ule ulipokuwa mezani, upande wetu wa meza ulihitaji watu wanaoweza kukadiria wenyewe hatua ya pili ingegharimu nini na ingechafua nini, bila kusubiri kuambiwa na anayenunua.

Na hatua inayofuata inajulikana: ni maji. Mji huu unakunywa maji ya kuvutwa kutoka Mzima na Baricho, mbali kote huko, na visima vyake vinazidi kuingiwa na chumvi. Mazungumzo ya kuchuja maji ya bahari yamekuja na kuondoka mara kadhaa na yatarudi tena. Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kuipitisha kwenye utando unaozuia chumvi kunataka shinikizo la kama bar 60, uzito wa safu ya maji yenye kimo cha mita 600. Chini ya nusu ya maji yanayoingia hutoka yakiwa matamu, na yaliyobaki ni brini, maji mazito ya chumvi nyingi, inayotaka kurudishwa baharini, tena bahari yenye matumbawe. Pampu na utando ni uhandisi. Mwani unaoziba utando ni bayolojia. Brini ikifika kwenye mwamba itafanya nini, hiyo ni sayansi ya bahari. Kwa hiyo nikiulizwa kijana wa Mombasa aoanishe uhandisi wa kemikali na sayansi gani, sitamjibu kemia, ingawa kichwa cha makala haya kimeitaja. Kemia ataipata ya kutosha ndani ya uhandisi. Ningemsukuma kwenye mikrobiolojia au sayansi ya bahari, na kama kichwa chake ni cha hesabu, hisabati yenyewe.

Mpwa wangu wa Kisauni yuko kwenye kundi hili la kwanza. Ameandika kemia, fizikia na bayolojia, na nyumba nzima imeshaamua kwamba atakuwa daktari. Wiki iliyopita nyanya yake alimuuliza mbele yangu atatibu nini, macho au moyo.

"Nyanya, mimi nataka kutengeneza maji."

Bi mkubwa akaitazama ndoo iliyokuwa miguuni pake. "Basi anza na ya kisima hiki, mjukuu wangu. Chai yake hainyweki."